Malalamiko kuhusu ngoma tano zilizoharibiwa kwa msasa na vanishi

Kamati ya Ala,
Kikundi cha Ngoma,
Mji wa Kale, Mombasa.

Juni 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Ukarabati wa Mbao na Samani,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KAZI MBOVU YA MSASA NA VANISHI KWENYE NGOMA TANO

Tunaandika kulalamikia kazi iliyofanywa na karakana yenu kwenye ngoma zetu tano: msondo mmoja (ngoma ndefu) wa mwembe, vumi mbili (ngoma za sauti nzito) za mfenesi na chapuo mbili (ngoma ndogo) za mvule. Tulilipa shilingi 42,000 mwanzoni mwa Mei ili muondoe vanishi ya zamani, mzibe nyufa, mpige msasa na kupaka upya. Ngoma zimerudi ziking'aa, lakini hakuna hata moja inayopigika.

Karani wenu alitujibu kwa simu kwamba mbao ni mbao na fundi ni yule yule. Ndiyo maana tunaeleza hapa, ngoma kwa ngoma, ni nini kimeharibika na kwa sababu gani, ili jibu lenu litoke kwa mtu wa karakana na si kwa mtu wa mapokezi.

Tunaanza na mdomo, yaani ukingo wa juu unaowambwa ngozi, maana hapo ndipo sauti inapoanzia. Ngozi iliyowambwa hailalii upana wote wa mbao. Hulalia mstari mwembamba unaozunguka mdomo mzima kwa kimo kimoja, na nje ya mstari huo mbao huviringwa kidogo ili ngozi ishuke bila kukatika na mkono wa mpigaji usiumie. Mafundi wenu wamepitisha mashine ya msasa mdomoni kana kwamba ni ukingo wa meza. Msondo tuliusimamisha mdomo chini juu ya kioo kinene, tukaingiza tochi kupitia mguuni, yaani mwisho wa chini ulio wazi, tukazima taa. Mdomo uliosawazishwa hauonyeshi mwanga popote. Huu ulivuja mwanga sehemu tatu, na kwenye pengo kubwa kuliko yote kadi ya benki inapita bila kugusa mbao. Ngozi ikiwambwa juu ya mdomo kama huo hutetema ovyo pale isipokuwa na kitu cha kuilalia na kutoa mkwaruzo. Mwambaji naye, akitafuta sauti, huvuta kamba zaidi mpaka ngozi inachanika kwenye matundu.

Unene nao umepungua. Kabla ya kuuleta msondo tuliupima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), na ukuta wa mdomo ulikuwa milimita 16 pande zote. Vipimo hivyo vimo kwenye fomu ya mapokezi, ambayo karani wenu aliigonga muhuri. Leo upande mmoja una milimita 11 na mwingine 14. Vanishi mbaya huondolewa ikapakwa nyingine. Mbao iliyoondoka kwa msasa hairudi, na hili ndilo linalotuuma kuliko yote tunayoyaandika hapa.

Imefikaje hapo? Alama zinaonyesha wazi. Mgongo wa msondo umejaa mikwaruzo ya mviringo inayokata nyuzi za mbao, kwa hiyo mlitumia diski ya mashine, na kwa kina cha mikwaruzo hiyo msasa ulikuwa wa namba 40 au unaokaribia hapo (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi). Diski bapa ikikaa juu ya mzinga (kiwiliwili cha ngoma) wa mviringo hula pale inapogusa tu. Ukipitisha kiganja kuzunguka mzinga unahisi pande bapa zikifuatana, na mahali ambapo alama za tezo la mchongaji zilikuwa zinaonekana pamefutwa. Kisha rangi ya kahawia ikapakwa juu ya mikwaruzo hiyo bila kuipitia kwa msasa laini. Rangi huzama zaidi mbao ilipochubuka, kwa hiyo kila mkwaruzo sasa ni mstari mweusi.

Kazi hii ilitakiwa kufanywa kwa mkono. Vanishi ya zamani hulainishwa kwa rimuva ya ujiuji mzito, ikaachwa mpaka ivimbe, ikakwanguliwa kwa kikwangulio butu kufuata urefu wa ngoma, kisha mzinga ukafutwa kwa thina na kuachwa ukauke. Baada ya hapo ni msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, kila mara kufuata nyuzi, juu ya kipande cha raba kinachopinda na umbo la mzinga. Namba 80 ni ya doa lililokaidi, na hapo tu. Tena rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, hivyo vanishi na rangi za namna hiyo hazipigwi msasa mkavu ndani ya chumba. Vumbi la mvule peke yake linawasha ngozi ya mtu na kubana kifua. Siku tuliyokuja kuchukua ngoma, vijana wenu walikuwa wanapiga msasa bila barakoa. Hilo si dai letu, lakini tumeliona na hatuwezi kulinyamazia.

Chapuo tulizileta zikiwa na ngozi, na kwenye fomu tukaandika zivuliwe kabla ya kazi kuanza. Hazikuvuliwa. Vanishi imepanda juu ya ngozi kiasi cha sentimita mbili kuzunguka mdomo wote. Ngozi ya mbuzi hulegea hewa ikiwa na unyevu na hukaza ikikauka au ikioteshwa moto. Vanishi ikishakauka haivutiki hivyo. Pale vanishi inapoishia ndipo ngozi inapokunjwa kila siku, na chapuo moja tayari imepasuka papo hapo kwenye mstari huo kama iliyokatwa kwa wembe. Ya pili haijapasuka, ila ukiigonga ukingoni inalia kama ubao. Zote mbili zitahitaji ngozi mpya.

Isitoshe, vanishi ya chapuo hizo haijakauka mpaka tunapoandika. Mlizifunga kwa magazeti. Tulipoyabandua yalinata, na kwenye ubavu wa chapuo ndogo mtu anaweza kusoma tangazo la kiwanja likiwa limegeuka kinyume. Mafundi wa mvule wanaijua sababu. Mbao hii ina utomvu wake wa asili unaochelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Dawa yake ni kuifuta mbao kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, kisha mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, uwe mwembamba sana, au utangulie mkono wa shelaki isiyo na nta ili ukae kati ya utomvu na vanishi. Kupaka mikono minene mmoja juu ya mwingine, kama mlivyofanya, kunafungia ubichi chini na kuzidisha tatizo.

Vumi zina kasoro nyingine. Zimepuliziwa laka, aina ya vanishi inayokauka haraka, na ubavu mzima wa vumi kubwa una ukungu mweupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Ukungu huo hauko juu ya laka, umo ndani yake, na kitambaa hakiutoi. Laka huyeyushwa kwa thina inayoruka haraka, na inaporuka hupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa imejaa unyevu, unyevu hugeuka matone ya maji kwenye ubaridi huo na kunaswa ndani ya laka inayokauka. Mei ni kilele cha masika Mombasa. Kupuliza laka wakati huo, mlango wa karakana ukiwa wazi na mvua inanyesha, ni kuutafuta ukungu huo kwa makusudi. Ama mngesubiri siku kavu, ama mngetumia thina inayochelewa kuruka, ama mngeacha laka kabisa mkapaka mafuta. Hatukuwapa haraka yoyote. Fomu inasema kazi imalizike “kabla ya Agosti”.

Nyufa zimezibwa kwa fila ya magari. Imeonekana mara tu tulipochubua kidogo kwa ncha ya kisu: kijivu, ngumu, inavunjika vipande. Fila hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kuziba bati la magari, ambalo halinywi maji. Mbao hunywa unyevu ikatanuka, hukauka ikasinyaa, na ukanda wetu una yote mawili kati ya kusi na kaskazi. Fila imebaki kama ilivyo, mfenesi umetembea, na sasa pembeni ya kila ufa mliouziba kuna ufa mwembamba mpya. Ufa mdogo huzibwa kwa unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi ya mbao. Ufa unaoingiza ukucha huchongewa kijiti cha mbao ile ile, nyuzi zake zikiwa sambamba na za mzinga, kikatiwa gundi, na ngoma ikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwelikweli, mizunguko kadhaa, mpaka kesho yake. Tyubu hubana mviringo mzima kwa nguvu sawa, jambo ambalo klempu (kibano cha fundi) haiwezi.

Upakaji wenyewe nao una walakini katika ngoma zote. Nje mmeweka vanishi nene, ndani hamkugusa kitu, na mguu wa msondo, mahali nyuzi zinapokatikia na kunyonya maji kuliko popote, mmeuacha mtupu. Mbao iliyofungwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande wa pili na kuvutana yenyewe kwa yenyewe. Kwa ngoma inayopigwa, inayofungwa kamba na kubebwa, sisi tunataka mafuta ya kitani yaliyochemshwa: mkono wa kwanza nusu kwa nusu na tapentaini, uachwe dakika 15 hadi 20, kisha ziada yote ifutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu. Hewa yetu ikiwa nzito hivi, kati ya mkono na mkono tunaacha saa 48. Mikono mitatu nje, mmoja mwembamba ndani, miwili mguuni. Mafuta yakichakaa mahali kamba inaposugua, hapo hapo pananyweshwa tena bila kuvua kitu. Vanishi nene ikibanduka hapo, ngoma nzima inarudi kwenye msasa. Hoteli ya ufukweni inayotaka ngoma ya kusimama mapokezi huenda ikapendezwa na mng'ao wenu. Hizi zetu ni za chakacha na harusi, na hilo pia lilikuwa kwenye fomu.

Liko jambo moja la hatari ambalo lazima mlijibu peke yake. Ndani ya msondo tulikuta matambara yamefinyangwa pamoja, bado mabichi, yakinuka mafuta ya kitani. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto. Tambara likitandazwa joto hutoweka hewani. Yakirundikwa, joto hukaa ndani na kuongezeka mpaka matambara yanashika moto yenyewe bila kiberiti. Ngoma hizo zilikaa usiku mmoja kwenye stoo yenye mbao na ngozi kavu, ndani ya Mji wa Kale ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Waambieni mafundi wenu leo hii: matambara ya mafuta hutandazwa nje, kila moja peke yake, mpaka yakakamae, au hutiwa kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko.

Tunachodai ni haya. Mturudishie shilingi 42,000 zote. Mlipie ngozi mbili za mbuzi za chapuo na ufundi wa kuziwamba. Mlipie pia fundi tutakayemchagua sisi, aondoe laka, vanishi na fila, azibe nyufa upya na kusawazisha midomo. Midomo husawazishwa kwa msasa namba 80 uliogundishwa juu ya ubao ulionyooka: mdomo unachorwa penseli kuzunguka wote, ngoma inazungushwa juu ya msasa taratibu huku ikigeuzwa mkono ili isiliwe upande mmoja, na kazi inasimama pale penseli inapofutika, bila kuongeza hata mzunguko mmoja. Msondo hauna tena unene wa kuchezea. Makadirio ya fundi tumeyaambatisha pamoja na nakala ya fomu, risiti na picha. Kuhusu unene uliopotea, tunataka fidia yake ijadiliwe ana kwa ana, kwa kuwa msondo huo utakuwa na maisha mafupi kuliko ulivyostahili.

Ofa yenu ya “kuzipitia tena bure” hatuikubali. Mashine ile ile ikirudi juu ya mdomo ule ule, hapatabaki mdomo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, usalama wake, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Zikipita siku 14 tangu mpokee barua hii bila jibu la maandishi, tutapeleka dai letu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Tungependa zaidi tuelewane.

Pia tunaomba muondoe neno “ngoma” kwenye bango la huduma zenu mpaka muwe na fundi anayeweza kueleza mdomo unasawazishwaje. Wako wengine wenye ngoma za wazee wao ambao hawapimi kwa kalipa kabla ya kuzileta, na hawatakuwa na cha kuonyesha.

Ngoma zote tano ziko kwetu na hatujazigusa tangu tupige picha. Mnakaribishwa kuzikagua siku yoyote baada ya sala ya alasiri. Aje fundi aliyefanya kazi, pamoja na msimamizi wake.

Wenu,

Kamati ya Ala