Baba mkwe amewakasirikia vibwengo wangu

Anti, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, maeneo ya Majengo. Kwetu ni Tanga, nimeolewa Marangu, nina watoto wawili. Umeme ukikatika huwa nawatungia hadithi, na kwa kuwa sisi Tanga tumekua tukitishwa na vibwengo, nikatunga kabila zima la vibwengo, ila wenye adabu zao. Nikawaita Wadongoi. Wanaishi chini ya migomba kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachagga, na aliye mrefu kuliko wote anakufika gotini. Sasa hivi wamejaza kaunta buku nzima.

Mdongoi hasemi asante. Kwao asante ni tusi, ni kama kumwambia mwenzako "tumemalizana, usinijue tena". Ukimpa ndizi atajibu "nimefunga", kisha anapiga fundo kwenye kamba ya mgomba aliyojivika kiunoni. Kila fundo ni deni, na deni ndiyo undugu wenyewe. Asiye na fundo hata moja huonewa huruma kama yatima. Akifa mtu hawalii kwanza. Wanakaa kugawana mafundo yake, huyu abebe deni la mbuzi, yule la chumvi, hadi kamba iishe, ndipo kilio kinaanza. (Hapo niliandika mwaka niliomzika mama, nadhani inaonekana.) Sokoni kwao muuzaji ndiye anayeshusha bei na mnunuzi anapandisha, wanangu wanalipenda sana hilo.

Wakonyingo sikuwagusa. Mume wangu alishanisimulia kwamba Wachagga wana watu wafupi wao huko juu mlimani, wenye vichwa vikubwa, wanaolala wameegemea ukuta kwa sababu wakilala chini hawainuki, na wanatembea na pembe ya kupuliza wakianguka waje kuinuliwa. Nikasema hao wana wenyewe. Lakini isale, lile jani la Wachagga la kuombea radhi, nilichukua.

Krismasi tulipanda Marangu. Babu yao akamkatia mwanangu wa miaka 7 kipande cha nyama, mtoto akajibu "nimefunga". Nilitamani ardhi ipasuke. Ikabidi nieleze, na mzee akataka asomewe daftari. Alicheka mpaka akaweka kata ya mbege chini, hadi tulipofika kwa Kidundu.

Kidundu ni mwizi. Kwa Wadongoi, kama ilivyo kwa Wachagga, ukimwendea uliyemkosea na jani la isale kuomba radhi, hawezi kukukatalia. Basi Kidundu anatembea na fungu zima la isale kwapani. Anaiba kuku, anatoa jani. Anaiba jogoo aliyebaki, anatoa jani lingine. Watoto hapo hugaagaa kwa kicheko.

Mzee hakucheka. Akaniambia, "Mama, isale si peremende. Mipaka ya kihamba hiki, shamba letu la ukoo, ni isale, makaburi yale pale ni isale. Wewe umempa mwizi atembee nayo kwapani?" Akaongeza kwamba nimechukua heshima ya watu nikawavika majini ya Tanga. Tangu siku hiyo nikimpigia simu ananijibu salamu tu, halafu anaomba kuongea na wajukuu.

Mume wangu alisema mzee atasahau. Hajasahau. Shosti wangu wa cherehani ya jirani anasema nibadilishe, niweke jani la kutunga. Nilijaribu, Anti, nikaliita "tembeleo". Mwanangu akaniuliza, "Sasa kwa nini wanamsamehe?" Sikuwa na jibu, maana jani nililolitunga jana usiku halimfungi mtu. Kidundu anachekesha kwa sababu wote wanajua isale haikataliwi. Na hapo hapo ndipo mzee anapoumia, namwelewa kabisa. Mwalimu wa mtoto naye ameomba atoe fotokopi za daftari kwa ajili ya darasa lake, namzungusha wiki ya tatu hii.

Pasaka tunapanda tena. Nimemuuliza mume wangu nimwombeje baba yake radhi, akanijibu bila hata kufikiri: "Si umpelekee isale." Ndivyo wanavyofanya kwao. Na najua nikimpelekea, mzee hatanikatalia hata kama moyoni bado ana kinyongo. Sasa nitakuwa na tofauti gani na Kidundu?

Anti, niende nayo au niende mikono mitupu? Na Kidundu nimfute kwanza, au nimwulize mzee akiwa ameshanisamehe?

Mke wa Marangu, Moshi