Mikindani kwa siku tatu: bei yetu inatoka wapi

Lalamiko kuhusu safari yetu ya kuwatembeza wageni Mikindani, mji wa kale wa pwani, ni lile lile: "Mikindani ni kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, bajaji inanifikisha, mji naumaliza kwa saa mbili. Siku tatu za nini?" Juzi mteja mmoja ametuandikia kwamba tumemwibia. Tunamjibu hapa hadharani, kwa sababu bei yetu hatuionei haya.

Bei inaanzia kwenye maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku za bamvu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi yakajaa saa kumi alasiri. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne ghuba imejaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo ukitutajia tarehe, tunatazama mwezi kwanza, ndipo tunamtafuta nahodha.

Anayejipangia mwenyewe hunywa chai kwanza, akafika ufukweni saa nne na kuchukua mtumbwi wa bei rahisi. Kama ni bamvu, pondo, ule mti wa kusukumia chombo, haisaidii kitu: chombo kinakaa topeni kando ya mikoko, na jua la saa sita linamkuta hapo hapo. Alasiri anakodi mashua nyingine. Mahesabu yakipigwa, amelipa mara mbili na siku imekwisha.

Sisi asubuhi ya bamvu tunaiacha kwa pweza. Kina mama huingia mwambani maji yakipwa, na pweza wa chakula cha mchana hutoka hapo. Anapondwa kwanza, kisha anachemka kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, mpaka uma unaingia bila kusukuma. Tui zito linakuja mwisho kabisa. Anayedai chakula ndani ya nusu saa atatafuna mpira, na lawama zitatuangukia sisi.

Mji tunautembea alfajiri na jioni, si saa saba. Jua likiwa upande, nakshi za milango zinasomeka, utosini zinapotea. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, na Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni hoteli, ni la 1895. Hayo yamo kwenye kila kitabu cha wageni. Kinachohitaji muda ni kuingia ndani ya nyumba na kuinua macho darini: boriti za mikoko zimelala ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti nzuri haivuki sana mita tatu, vyumba vyote ni vyembamba na virefu. Gusa ukuta wa matumbawe na chokaa, kisha uguse ule uliopigwa plasta ya saruji. Wa saruji unabanduka, kwani unyevu umefungiwa ndani hauna pa kutokea. Chokaa inapumua.

Nyumba hizo zina wenyewe. Tunapiga hodi siku moja kabla, tunaamkia wazee, na mwenye nyumba analipwa. Wapo waliojipigia picha barazani bila ruhusa wakafukuzwa, halafu wakaja kwetu kuomba tuwapatanishe. Kuomba radhi nako kunachukua siku.

Fedha yako basi inagawanyika kwa nahodha anayekaa na kundi lako tu siku nzima, mpishi, wenye nyumba na mwongozaji. Kundi halizidi watu sita, kwa sababu wa saba hasikii kitu kwenye uchochoro.

Una siku moja tu? Tutumie tarehe. Maji yakikataa tutakwambia mapema, na malipo ya awali hatutapokea.