Akiba ya chama si fedha iliyofichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba vyama vya hisani hapa Newala "vinakalia fedha" kila vinapoonekana na salio benki. Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo kinachotunza wazee wasio na ndugu, na lawama hiyo naisikia kila mkutano mkuu.

Kwetu fedha ina majira. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakapitia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), hata mwanachama aliyekuwa akikwepa analipa ada na malimbikizo yake. Kuanzia Machi hakuna anayechangia, lakini wazee wanakula miezi yote, na maji ya kununua huku juu ya uwanda wa Makonde hayasubiri msimu. Salio la Desemba ndilo unga wa Julai.

Tena misimu haifanani. Msimu wa 2018/19 wanunuzi walivutana na Serikali kuhusu bei, ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilifurahisha, ila uhakiki wa wakulima ulichelewesha malipo ya wengi wao. Mkulima ambaye hajalipwa utamdai mchango kwa uso gani? Chama kisicho na akiba hakivuki mwaka wa namna hiyo.

Fedha za mfadhili nazo zina masharti: iliyotolewa kwa ajili ya paa hainunui sembe, hata kama inaonekana kwenye akaunti ileile. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inataka hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mkaguzi halipwi kwa ahsante. Gharama hiyo wafadhili wengi hawaigusi (wanapenda kupiga picha na kisima, si na mkaguzi).

Lakini walalamikaji tumewapa sababu wenyewe. Hesabu za mwaka mmoja husomwa mbiombio, pilau ikinukia jikoni, kisha daftari linafungwa. Napendekeza hesabu za miaka mitano zibandikwe pamoja kwenye ofisi ya kijiji, fedha za miradi zikitengwa na za chama, na salio lionyeshwe mara mbili kwa kila mwaka: mwisho wa Desemba na mwisho wa Agosti. Ikiwa akiba inapanda mwaka hadi mwaka huku wazee wanaohudumiwa wakipungua, wanachama watubane, na mimi niwe wa kwanza kuhojiwa.

Mweka Hazina,
Newala, Mtwara