Daladala ya uani

Kimara, Dar es Salaam
12 Februari

Mpendwa shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Baba anakusalimia sana, na ameniagiza habari hii uipate kabla ya nyingine zote: amerudi kuendesha daladala. Imeegeshwa uani chini ya mwembe, na abiria wake ni kuku 12.

Ngoja nikusimulie. Unakumbuka mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, daladala za Kimara–Posta zikaondolewa barabarani. Tangu hapo Baba akawa mtu wa barazani. Nikienda kazini namwacha pale, nikirudi namkuta pale pale, na roho inaniuma. Sasa siku fundi alipokuja kupima banda la kuku, mwanangu Nuru akachukua chaki akachora ukutani banda lenye magurudumu. Baba akainuka, akautazama ule mchoro, akasema, "Dirisha la dereva umeliweka juu mno." Akaomba chaki.

Shoga, kuanzia hapo mimi nikawa wa kutoa hela tu.

Sakafu ni plaiwudi nzima, futi 8 kwa 4, kwa hiyo kila mita mraba ina kuku wanne na hawabanani. Imeinuliwa futi mbili kutoka chini, maana masika yakianza maji ya mlimani yote yanapita kwetu. Magurudumu ni matairi mabovu tuliyoyazika nusu na kuyajaza udongo, yasituamishe maji yakatuzalishia mbu. Usukani Baba kaufuata mwenyewe mtaa wa Gerezani. Ubao wa mbele umeandikwa KIOTANI – UANI, na kijana mmoja mchoraji wa Tingatinga ametuchorea nyuma jogoo wa madoadoa, mkia umezunguka mpaka ubavuni. Siku ya kwanza watoto wa jirani walijaa mlangoni mpaka magharibi.

Fundi alitaka kuziba madirisha kwa plastiki ngumu ili gari lipendeze. Baba akakataa kabisa. Na joto hili la Dar, kuku wakifungiwa bila hewa, harufu ya mavi yao inawawasha macho na mafua hayaishi. Tukaweka wavu pande zote mbili, upepo wa bahari uingie huku utokee kule. Kosa langu ni kwamba nilinunua wavu wa matundu makubwa kwa sababu ya bei. Usiku wa tatu nguchiro au kicheche, hatukumwona, akapitisha mkono akamvuta tetea wangu mweusi, yule wa kishingo niliyempenda. Nililia. Kesho yake tuliubandua wote, tukapiga wa nusu inchi, na kwenye mlango tukaongeza komeo la pili.

Ndani, siti ni fito za mviringo zilizopangwa kwa ngazi, na jioni utawaona wanavyogombania ya juu kabisa. Viota vitatu viko chini ya kiti cha dereva, gizani, ndivyo tetea anavyopenda. Ukifungua buti unaokota mayai bila kuwasumbua.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote hakionekani kwa nje. Zamani Baba alikuwa anaandika tarehe za kubadilisha oili kwenye mlango wa gari. Sasa kwenye mlango wa banda anaandika tarehe za chanjo ya kideri: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Wewe unajua kideri kilivyonisafishia kuku wote mwaka ule, nikabaki na banda tupu. Safari hii hajaruka hata tarehe moja. Na kila magharibi anahesabu abiria, anafunga komeo, halafu Nuru anagonga bati mara mbili kama konda. Hapo ndipo Baba anaingia ndani kula.

Aliyekuletea barua hii ana mayai 10 ya matetea wetu, ya wiki hii hii. Usiyaoshe, yaache yatulie siku nzima kwa sababu ya mitikisiko ya basi, ndipo umwekee tetea wako jioni. Siku ya 21 nipigie simu, Baba anataka kujua wangapi wametotolewa.

Nisalimie Morogoro yote.

Shoga yako,
Mama Nuru