Adapta haina kosa, angalia transista

Sahibu yangu,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Miezi yote hiyo kimya, halafu barua yenyewe inaanza na "amplifaya imeharibika"! Haya, salamu tumepeana, tuingie kazini.

Unasema sauti inakwaruza, na unailaumu adapta ya volti 12 uliyoiweka mahali pa betri ya 9. Mimi siilaumu. Chukua saketi yako kama ulivyoichora: rezista (kizuia mkondo) ya kilo 820, yaani kilo-ohm, kutoka chanya hadi besi, kilo 2.2 kwenye kolekta, emita moja kwa moja kwenye hasi; besi, kolekta na emita ndiyo miguu mitatu ya transista. Kwa betri ya volti 9, besi inakaa kwenye 0.65 hivi, na zile 8.35 zinazobaki zinapitisha mikroampea 10 kwenye rezista ya 820. Transista ikizidisha mkondo huo wa besi mara 200, kolekta inavuta miliampea 2, rezista yake inakula volti 4.5 na kolekta inatulia kwenye 4.5. Katikati kabisa, wimbi la sauti lina nafasi ya kupanda na kushuka.

Sasa weka 12. Mkondo wa besi unapanda hadi mikroampea 13.8, wa kolekta miliampea 2.8, rezista inakula 6.1, kolekta inakaa 5.9. Bado katikati! Volti ikipanda, mkondo unaifuata.

Mkosaji ni ile transista uliyoibadilisha siku hiyohiyo, ukaitaja kwa mstari mmoja: "nimetoa BC547 nikaweka BC547". Herufi ya mwisho je? A huzidisha mara 110 hadi 220, B 200 hadi 450, C 420 hadi 800. Ukiweka ya 400 mahali pa ya 200, kolekta inataka miliampea 5.5, na kilo 2.2 kwa volti 12 haipitishi zaidi ya 5.45. Transista imeshiba, yaani imefunguka mpaka mwisho. Kolekta inalala kwenye 0.1 au 0.2, upande mmoja wa wimbi unakosa pa kwenda, na huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Najua fundi mzee atakwambia uongeze ile 820 mpaka sauti isafike. Itasafika, mpaka utakapobadilisha transista tena, au mpaka joto lipande, maana kuzidisha nako hupanda na joto.

Ing'oe hiyo 820, na ile 2.2 pia. Weka kilo 47 kutoka chanya hadi besi, kilo 10 kutoka besi hadi hasi, kilo 1 chini ya emita, kilo 4.7 kwenye kolekta. Kwa volti 9 besi inapata 1.54 hivi, emita iko chini yake kwa 0.65 hivi, yaani 0.9, basi mkondo ni miliampea 0.9, itake isitake: anayeamua ni rezista ya emita. Kolekta utaikuta karibu 4.8. Weka ya 200, weka ya 400, mita haitaonyesha tofauti ya maana.

Sambamba na rezista ya emita funga kapasita (inayopitisha wimbi na kuzuia mkondo tuli) ya mikrofaradi 100, chanya yake upande wa emita. Bila hiyo unakuza mara 4.7 tu. Ukiwa nayo, gawanya volti zilizo juu ya rezista ya kolekta kwa 0.026: 4.2 inakupa mara 160 hivi. Hapo ndipo chanzo cha umeme kina usemi. Saketi hiyohiyo kwa 12 inafika karibu 250, kwa 6 inashuka hadi 70 na kitu, na kwa 3 besi inapata 0.53, transista inakaribia kufunga kabisa. Betri ikichoka usihangaike na spika.

Nilisema adapta haina kosa. Hilo la mkwaruzo, hapana, lakini mvumo ni wake, unaingia kwenye besi kupitia ile kilo 47. Ivunje iwe kilo 22 mbili mfululizo, na kutoka zinapokutana shusha mikrofaradi 47 hadi hasi. Kimya.

Halafu miguu! Upande bapa wa transista ukikutazama, miguu chini, BC547 ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto. 2N3904, transista nyingine ya aina hiyo, ni kinyume chake. Ukigeuza inazidisha kidogo sana, na kwa volti 12 unaihatarisha, maana besi na emita kinyumenyume zimeandikiwa volti 6 tu.

Niambie basi: kolekta inasoma ngapi kabla hujachomeka maiki? 0.1, au 12 nzima? Ikiwa 12, jointi ya besi imeshika kweli? Ile transista ya zamani ulitupa, au bado iko kwenye kopo? Na mita yangu, sahibu, itarudi lini? Msalimie shemeji.

Wako yuleyule