Kamba za Sapporo na Miche ya Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie wakazi wenzangu wa Jiji la Dodoma, pamoja na viongozi wetu wa mitaa na kata, jambo nililoliona ugenini ambalo halijanitoka moyoni tangu niliporejea. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi mwaka huu nilikuwa Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido kaskazini mwa Japani, nikimtembelea binti yangu anayesomea kilimo huko. Nilimwachia mdogo wangu shamba la zabibu la Mpunguzi, nikapanda treni ya asubuhi ya reli mpya hadi Dar es Salaam, na baada ya kubadilisha ndege mara tatu nikashuka mahali ambapo kila kitu, kuanzia paa la nyumba hadi ukingo wa mtaro, kilikuwa cheupe.

Sapporo ina watu karibu milioni mbili, na theluji inayoanguka huko kuanzia Novemba hadi Aprili, ukiijumlisha yote, hukaribia mita tano kwa wastani. Miji mikubwa kiasi hicho inayobeba theluji nyingi namna hiyo ni michache duniani. Jina lake limetoka katika lugha ya Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa kile, na tafsiri inayotolewa mara nyingi ni mto mkubwa unaokauka. Binti yangu aliponieleza hayo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu sisi nasi jina la mji wetu tumelipata kwa Wagogo walioita mahali hapa Idodomya, yaani palipozama, kwa kumbukumbu ya tembo aliyedidimia kwenye tope la mto. Ni miji miwili iliyo mbalimbali kabisa, lakini yote iliitwa majina na watu waliotazama maji kwanza kabla ya kutazama kitu kingine.

Tena yote miwili ilichorwa kwenye ramani kabla ya kujengwa. Sisi tuliamua kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973. Wao walianza mwaka 1869, Serikali ya Japani ilipoamua kwamba Sapporo iwe makao ya utawala wa Hokkaido. Barabara zake zimekatwa mraba, na anwani huhesabiwa kwa pande za dunia, hata mgeni kama mimi niliweza kurudi nyumbani peke yangu siku ya tatu. (Siyo kwamba kila kilichofanyika huko ni cha kuigwa: Waainu walipoteza ardhi yao katika ujenzi ule, na ni mwaka 2019 tu ndipo sheria ya Japani ilipowatambua kuwa wenyeji wa asili.) Mwaka 1871 wapangaji wa mji waliacha ukanda mpana katikati, ofisi za serikali zikiwa kaskazini yake na makazi ya watu kusini, ili moto ukizuka upande mmoja usivukie wa pili. Ukanda huo haukugawiwa viwanja. Leo ndio bustani ya Odori, yenye urefu wa kilometa moja na nusu, na humo ndimo nilimouona ujumbe ninaouleta.

Asubuhi yangu ya kwanza tulipita katika bustani hiyo. Nilikuwa nimevaa makoti mawili, na binti yangu alinishika mkono akinisihi, "Mama, piga hatua fupi kama bata, usikanyage kwa kisigino," kwa maana mwisho wa majira ya baridi ndio wakati mbaya zaidi kwa mtembea kwa miguu: mchana theluji huyeyuka kidogo, usiku maji yale huganda, na asubuhi njia huwa kama kioo. Theluji yenyewe haikuwa ile ya kwenye picha. Pembeni mwa barabara ilikuwa imelundikwa kufikia kifua cha mtu, nyeusi kwa moshi na mchanga. Lakini ndani ya bustani niliona kitu nilichodhani ni mabua ya mtama yaliyosimamishwa mafungu mafungu, kama tunavyoyaweka shambani baada ya mavuno. Nilipokaribia nikaona kwamba ni miti. Vichaka vya maua vilikuwa vimekusanywa matawi, vikaegemezwa kwenye fito za mianzi na kuzungushiwa kamba kuanzia chini hadi juu. Miche michanga ilikuwa imevishwa mikeka ya majani ya mpunga. Siku nyingine, katika bustani ya Nakajima, niliona misonobari ambayo katikati ya kila mmoja ilisimikwa nguzo ndefu, na kutoka kilele cha nguzo zikashushwa kamba nyingi, kila kamba imeshika tawi lake, mfano wa mbavu za mwavuli.

Niliuliza sababu. Nilielezwa kwamba theluji ni nzito, hasa ile ya mwisho wa msimu iliyoanza kulowa, na tawi lisiloshikiliwa huvunjika. Kwa hiyo kila vuli, kabla theluji haijaanza kulundikana, watunza bustani hupita mti kwa mti wakifunga, na majira ya kuchipua yakifika hupita tena wakifungua. Kazi hiyo hurudiwa mwaka hadi mwaka. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko baridi ilivyoruhusu, nikiitazama fundo moja la kamba lililofungwa kwa ustadi na mtu nisiyemjua, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye barabara zetu.

Mambo mengine ya mji ule yalikuwa na moyo huohuo. Ipo tramu inayotoka alfajiri watu wengi wakiwa bado wamelala, ikiwa imefungiwa brashi kubwa za mianzi zinazozunguka na kufagia theluji kwenye reli. Kwenye vivuko vya barabara yapo makasha yenye mifuko ya kokoto laini. Yeyote anayepita na kuona pameteleza hufungua mfuko, akamwaga kokoto, akaendelea na safari yake, na mimi mwenyewe nilimwona bibi mwenye umri kunizidi akifanya hivyo bila kutazama nani anamwona. Treni ya chini ya ardhi ilianza mwezi Desemba 1971, wiki chache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1972 iliyofanyika hapohapo, na pale inapopanda juu ya ardhi reli yake imefunikwa kama handaki ili theluji isiifikie. Hata taa za kuongozea magari zimesimamishwa wima, si kulazwa kama katika sehemu nyingi za Japani, ili theluji isipate pa kukaa juu yake. Nilikuja kuelewa kwamba hakuna anayejenga kitu Sapporo bila kujiuliza kitakuwaje mwezi wa pili.

Na hapa ndipo penye swali langu kwa Dodoma. Mwezi wetu wa pili ni upi? Kwa maoni yangu ni Agosti. Sisi hatuna theluji, tuna kiangazi. Mvua zetu, ambazo hazifiki milimita 700 kwa mwaka wa kawaida, huja msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga kwa miezi saba au zaidi, na kuanzia Juni upepo mkavu huvuma ukinyonya kila tone lililobaki ardhini. Kila mzaliwa wa hapa anajua hivyo tangu utotoni. Hata hivyo, tunapopanda miti tunafanya kana kwamba Januari haitakwisha. Wageni hualikwa, mashimo huchimbwa, miche hushikwa mbele ya kamera, na ninakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu, nilipeleka wanafunzi wangu kwenye shughuli nyingi za namna hiyo, na ni mara chache sana niliwarudisha mwezi wa nane kutazama kilichobaki.

Miaka miwili iliyopita, kando ya barabara moja ninayopita kwenda sokoni Majengo, taasisi moja ilipanda miche 60. Niliihesabu kwa sababu nilifurahi. Mwezi wa saba ilibaki 31, mingine ikiwa imeliwa na mbuzi na mingine imekauka ikiwa imesimama. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza niliikuta tisa, na mashimo yaleyale yakachimbwa upya, yakatiwa miche mingine, wakaja wageni wengine. Sina shaka juu ya nia njema ya waliofanya hivyo. Ninachosikitikia ni kwamba fedha na jasho vilivyotumika mara mbili kupanda vingetosha kabisa kuivusha ile ya kwanza, na leo pangekuwa na kivuli pale ambapo akina mama wenye ndoo za mboga kichwani wanatembea juani.

Ninajua nitajibiwa kwamba Japani ni nchi tajiri na sisi tusijilinganishe nayo. Ni kweli kwamba magreda yanayosukuma theluji usiku kucha na malori yanayoibeba kwenda kuitupa nje ya mji yanagharimu fedha ambazo hatuna. Lakini kilichonigusa si magreda. Kilichonigusa ni kamba, mianzi na majani ya mpunga, vitu ambavyo mkulima yeyote anavyo nyuma ya nyumba yake. Hata lile tamasha la theluji linalovuta wageni zaidi ya milioni mbili kila Februari lilianza mwaka 1950 kwa wanafunzi wa shule kufinyanga sanamu sita tu katika bustani ileile ya Odori, ambayo wakati huo watu waliifanya jalala la kutupia theluji. Hawakuwa matajiri. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani miaka mitano tu kabla ya hapo.

Nasi tuna vya kwetu, tena tumerithishwa. Mgogo hakuwahi kuacha bustani wazi kwa mbuzi. Alikata matawi ya mgunga akazungushia boma la miiba, na mbuzi akatafuta pengine. Mkulima wa zabibu hapandi mzabibu akaondoka. Humwekea mche mti wa kuegemea, huupalilia, huukata kwa wakati wake, na miaka ya mwanzo huuhesabia maji kama anavyomhesabia mtoto chakula. Shambani kwangu, mche wa mwarobaini uliozungushiwa nyasi kavu shinani na kuwekewa chungu chenye tundu dogo kilichofukiwa pembeni umeishi kwa ndoo moja ya lita 20 kwa wiki. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Novemba ni wiki 26, yaani lita 520 kwa kiangazi kizima. Maji hayo si lazima yawe ya bomba. Yaliyosuuza vyombo au kuoshea mchele yanatosha, na hakuna nyumba isiyoyamwaga.

Ninapendekeza, basi, kwamba Halmashauri ya Jiji inapoingia mkataba na yeyote wa kupanda miti barabarani, sehemu moja ya malipo itolewe baada ya kupanda na sehemu kubwa zaidi ibaki hadi miche ihesabiwe tena ikiwa hai baada ya kiangazi cha pili. Ninapendekeza pia kwamba bajeti ya kila shughuli ya upandaji ionyeshe bayana fungu la kumwagilia na la uzio, na likikosekana, idadi ya miche ipunguzwe hadi ilingane na maji yaliyopo, hata kama itabaki kumi. Wenye maduka na nyumba zinazotazama barabara waandikishwe kwa mtendaji wa mtaa, kila mmoja na mti wake ulio mbele ya mlango, na vijana wa bodaboda wanaongojea abiria chini ya jua kali wapewe ile iliyo kwenye vijiwe vyao, kwa maana kivuli kitakuwa chao kabla hakijawa cha mtu mwingine. Kuhusu majitaka, kule Sapporo maji yaliyosafishwa mitamboni hutumika kuyeyushia theluji kwa sababu yana uvuguvugu. Wataalamu wetu watuambie kama yanayotoka kwenye mabwawa yetu, yakishatibiwa ipasavyo, yanaweza kupelekwa kwa maboza hadi kwenye miti ya barabara za Mtumba na Ihumwa badala ya maji ya kunywa.

Siku ya kuondoka Sapporo, katikati ya Machi, tulipita Odori tena tukielekea stesheni. Theluji ilikuwa imeshuka hadi magotini na udongo ulianza kuonekana kuzunguka mashina, lakini kamba zilikuwa bado hazijafunguliwa. Binti yangu alinieleza kwamba hawana haraka, kwa kuwa theluji inaweza kurudi hata mwezi wa nne, na mti uliovushwa majira yote hauwezi kuachwa wiki ya mwisho.

Mvua za mwaka huu zinaelekea ukingoni. Miche iliyopandwa Januari kwenye mtaa wetu iko 22 na bado yote ni mibichi. Niliihesabu Jumamosi iliyopita pamoja na jirani zangu wawili. Tumekubaliana kukata miiba wiki ijayo na kuanza zamu ya maji Jumapili ya kwanza ya Juni, na tumemwomba mwenyekiti wa mtaa atuitie kikao ili nyumba nyingine zijiunge. Ninawaomba wenyeviti wa mitaa mingine waitishe vikao vya namna hiyo kabla ya mwisho wa Mei, wakati ardhi bado ina unyevu na miche bado ina majani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.