Mbolea ya haidrojeni ni sawa, lakini bei yake itaandikwa kwa pesa gani?

Mhariri,

Mimi nauza mbolea hapa Nakuru na nimefuatilia sana hizi habari za haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayotolewa kwenye maji kwa stima safi na inayoweza kutengenezea mbolea, tangu mpango wa taifa uzinduliwe Septemba 2023 wakati wa lile kongamano la tabianchi Nairobi. Naunga mkono kabisa, ila kuna kitu watu wa kawi hawakigusi na sisi wa biashara kimetuchoma, nacho ni dola.

Mwezi huohuo wa Septemba nilituma tenda ya kuuzia chama kimoja cha ushirika mbolea ya CAN, bei kwa shilingi, na sharti lilikuwa bei isiguswe siku 120. Dola ilikuwa kama shilingi 147. Sasa shida iko hapo, manake mbolea naagiza kwa dola na sijui kama tenda nitapata au nitakosa, nikinunua dola mapema halafu nikose nabaki nazo mkononi na pengine zimeshuka, nisiponunua halafu nipate na dola imepanda, nimekwisha. Benki wakaniambia naweza kufunga bei ya dola mapema, lakini ukifunga umefungwa, tenda uipate usiipate lazima uzichukue. Kuna njia nyingine ya kulipia haki tu ya kununua kwa bei fulani, ukitaka unanunua usipotaka unaacha, na hiyo ndiyo ingenifaa, lakini ile ada hairudi na kwa mtu wa kiwango changu ilikuwa inameza faida yote. Nikakaa hivyohivyo. Tenda nikapewa Januari 2024, dola imefika 160, kwa kila dola elfu moja nikaongeza shilingi 13,000 kutoka mfukoni. Na kufikia mwisho wa Machi dola ikawa imeteremka chini ya 140, kwa hivyo hata yule aliyeogopa akajaza dola Januari naye aliumia.

Ndiyo maana mbolea ya kutengenezwa hapa inanipa moyo. CAN na urea zinatoka kwa amonia, amonia inataka haidrojeni, na haidrojeni nyingi duniani leo inatolewa kwa gesi asilia, kila kilo moja inaacha kama kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Yaani mfuko umeshachafua hewa kabla haujaingia melini. Hapa kwetu kuna mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambao usiku unaachwa utoke tu kwa sababu watu wamelala na stima haina mnunuzi, si stima ya huo mvuke ipasue maji tupate haidrojeni?

Nimepiga hesabu yangu. Mfuko wa kilo 50 wa CAN unataka karibu kilo 3 za haidrojeni, hiyo ni kama lita 25 za maji, mtungi mmoja na kidogo, bila kuhesabu maji ya kupoza mitambo ambayo lazima yahesabiwe kwa sababu Ziwa Naivasha tayari linategemewa na mashamba ya maua, wavuvi na viboko. Lakini stima ni yuniti zaidi ya 140 kwa mfuko mmoja! Wakiichukua saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha taa, jenereta za mafuta zitawashwa kufidia na ukijani umeisha. Mabomba nayo yakaguliwe, haidrojeni ikivuja inafanya methane, gesi inayoongeza joto duniani, ikae zaidi angani.

Sasa rudi kwa dola. Angalia bili yako ya stima, kuna mstari wa forex, yaani mabadiliko ya bei ya pesa za kigeni, kwa sababu sehemu ya gharama za stima inalipwa kwa pesa za kigeni hata kama mvuke umetoka hapahapa Hell's Gate, huko Olkaria. Kiwanda cha mbolea kikijengwa Naivasha, kikikopa dola na kikitaka kulipwa kwa dola, mbolea ya Naivasha itapanda shilingi ikianguka, sawa tu na ile ya meli, na kama serikali imeweka dhamana hilo ni deni lisiloonekana mpaka siku shilingi ianguke. Amonia ya kuuza nje itawaletea wenye kiwanda dola, basi mikopo ya dola ilipwe kwa hizo, na mbolea ya mkulima wa hapa iandikiwe bei kwa shilingi.

Naomba Wizara ya Kawi ituonyeshe mikataba imeandikwa kwa pesa gani na maji ni lita ngapi kwa siku, kabla ya kusaini.

Muuza mbolea,
Nakuru